Sura ya Sita: Kompyuta Iliyosahau Jina Lake

Ukiwasha leo SPARCstation 5 iliyokaa stoo miaka mingi, feni itavuma, taa ya mbele itawaka, RAM itahesabiwa hadi mwisho, kisha yatakuja malalamiko: yaliyomo katika IDPROM, yaani kumbukumbu ya utambulisho wake, si halali. Prosesa ni nzima. Kumbukumbu ni nzima. Diski nayo huenda bado inazunguka. Ila kompyuta haijui ni ya ukoo gani, haijui namba yake ya utambulisho, na anwani yake ya Etheneti, ambayo ndiyo jina inalojulikana nalo mtandaoni, imegeuka kuwa ff mara sita mfululizo.

Mkosaji ni chipu moja nyeusi, nene kuliko jirani zake, iliyochomekwa kwenye soketi ya ubao mkuu. Inaitwa M48T08. Ndani yake mmefungwa vitu vitatu: kumbukumbu ya kilobaiti 8, saa, na betri ya lithiamu ya kuvilisha hivyo viwili wakati umeme umezimwa. Betri hiyo ilikadiriwa kudumu miaka 10 hivi, na haibadilishwi, kwa kuwa imezikwa ndani ya gundi iliyoganda. Waliobuni mashine hii hawakuwa wazembe. Ilipotoka mwaka 1994, hakuna mhandisi aliyekuwa na sababu ya kuipangia maisha marefu kuliko hayo. Ofisi iliyoinunua ingeitoa baada ya miaka michache na kuchukua yenye kasi zaidi. Betri ilitarajiwa ife baada ya mashine. Hesabu yao ilikosea upande mmoja tu: mashine haikufa.

Kila mwenye kompyuta ya zamani huuliza swali lilelile: hii inakubali mfumo gani? Huuliza kana kwamba jibu limeandikwa kwenye chuma. Chuma kina sehemu yake, nami nitaanza nacho, lakini jibu lenyewe hutoka kwa watu: nani alipata nyaraka, nani aliandika draiva, na nani bado ana mashine ya kuijaribia.

Sun Microsystems ilianzishwa California Februari 1982, na jina lake lilitokana na mtandao wa Chuo Kikuu cha Stanford, ambako Andy Bechtolsheim alikuwa amebuni kompyuta yake ya kwanza. Kompyuta za kazi, kama zilivyoitwa, zilikaa katikati ya PC ya mezani na mtambo wa kujaza chumba: skrini kubwa, mtandao, Unix, na nguvu ambayo PC za zama hizo hazikuifikia. Mwaka 1987 Sun walianza kuhama kutoka prosesa za Motorola kwenda SPARC, waliyoibuni wenyewe, na mwaka 1989 wakatoa SPARCstation 1, kompyuta bapa iliyopewa jina la utani la boksi la piza. Picha za filamu ya Toy Story, iliyotoka mwaka 1995, zilikokotolewa na SPARCstation 20 zipatazo 117 zilizofanya kazi pamoja.

Turudi kwenye chipu. Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kununua chipu nyingine na kuichomeka. Ya pili ni ya mafundi: unakwangua gundi polepole upande mmoja mpaka zitokeze ncha mbili za betri, unaitenga ile iliyokufa, kisha unalehemu kishikizo cha betri ya CR2032, zile za bei ndogo zinazowekwa kwenye ubao wa PC yoyote. Mimi naipendelea ya pili. Betri mpya ikiisha, atakayeimiliki mashine baada yako ataibadilisha kwa ukucha.

Kwa njia zote mbili kumbukumbu itakuwa tupu na itabidi kuiandika upya. Unabonyeza Stop na A kwa pamoja. Kompyuta inasimama, inakuandikia ok, na kusubiri. Hapo unaijaza baiti baada ya baiti kwa amri ya mkp. Mahali pa kwanza panakaa 01, pa pili 80, yaani ukoo wa sun4m. Zinafuata baiti sita za anwani ya Etheneti, ambazo kwa Sun huanza na 08:00:20, halafu tarehe na namba ya utambulisho. Mwishoni inakuja baiti ya ukaguzi, inayopatikana kwa kuzipitisha zote zilizotangulia katika hesabu ya XOR. Ukikosea moja, malalamiko yanarudi. Ukipatia, kompyuta inawaka ikijitambulisha.

Kilichokujibu ok si mfumo endeshi. Ni OpenBoot, famuwea iliyobuniwa na Mitch Bradley alipokuwa Sun, na ndani yake mna lugha kamili ya programu, Forth. Andika probe-scsi, itakuorodheshea diski zilizounganishwa. Andika watch-net, itakuonyesha pakiti zinazopita kwenye waya. Hata kadi za upanuzi za SBus zilibeba programu ndogo ya Forth ndani ya ROM zake, hivyo kadi ilijieleza yenyewe kwa kompyuta bila kujali prosesa ni ya aina gani. Mwaka 1994 utaratibu huu ulipitishwa kuwa kiwango cha IEEE 1275.

Kwa mwandishi wa mfumo endeshi hii ilikuwa neema. Kwenye PC za miaka hiyo kerneli ililazimika kupapasa gizani: iguse anwani hii, iguse ile, isubiri kuona kama kadi ya mtandao itaitika au kompyuta itaganda. Kwenye Sun, kerneli huamka na kukabidhiwa mti wa vifaa wenye majina, anwani na uhusiano wa kila kimoja. Wazo hilo halikufa na Sun. Linux inayotumia prosesa za ARM huutambua ubao kwa kusoma mti wa vifaa uliorithiwa kutoka kiwango hichohicho, na simu nyingi za Android huwaka hivyo kila asubuhi.

Jina likishapatikana, inafuata skrini. Monita za Sun zilitumia tundu la 13W3, lenye pini 10 nyembamba na mirija mitatu minene, na picha ya nukta 1152 kwa 900 ambayo skrini nyingi za leo huikataa. Usijisumbue. Chomoa kibodi uwashe: OpenBoot isipoona kibodi huhamia yenyewe kwenye tundu la RS-232, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, na unaweza kuiendesha kutoka laptop yoyote yenye kebo ya kugeuzia kuwa USB. Diski nazo ni za SCSI, na zilizosalia zina umri wa mashine yenyewe. Siku hizi kuna vibao vidogo kama SCSI2SD na BlueSCSI vinavyosoma kadi ya SD na kuiaminisha kompyuta kwamba inaongea na diski ya kale. Ukiongeza adapta ya pini 80, umemaliza.

Mtego uko kwenye CD. OpenBoot husoma kwa vipande vya baiti 512, wakati sekta ya CD ya data ina baiti 2048. Visomaji vya CD vilivyouzwa na Sun vilikubali vipande vya 512. Ukipachika kisomaji cha SCSI kilichotoka kwenye PC, kitaonekana kwenye probe-scsi, kitazungusha CD, na hakitabuti kamwe. Mtu anaweza kuchoma CD moja baada ya nyingine akiilaumu CD, kumbe kosa liko kwenye jampa moja nyuma ya kisomaji, kama kwa bahati kinayo.

Ndiyo maana wenye uzoefu hubuti kwa mtandao. Unaandika boot net, na kompyuta inaita mtandao mzima kwa itifaki ya RARP, kama mgonjwa aliyezinduka wodini: anwani yangu ya Etheneti ni hii, je, mimi ni nani hapa? Ikiwa ile chipu bado haijatibiwa, anwani ni ff tupu na hakuna seva itakayoitika. Ikiwa imetibiwa, seva inajibu kwa anwani ya IP, tuseme 192.168.1.5. Kompyuta inaigeuza kuwa namba za msingi wa 16 na kuomba, kwa TFTP, faili liitwalo C0A80105.SUN4M. Faili hilo dogo likishapakiwa linauliza kwa bootparam kerneli imewekwa wapi, na kwenda kuichukua kwa NFS. Huduma nne, faili moja lenye jina la ajabu, na herufi ndogo ikikaa mahali pa kubwa hakuna atakayekuambia tatizo liko wapi. Jioni nzima inaweza kuishia hapo. Lakini baada ya kubuti mara moja, seva ileile itaweza kuwahudumia Sun wengine wote utakaowaokota.

Sasa njia ya kubuti ipo. Tubuti nini?

Sun wenyewe walishaondoka: Solaris 10, iliyotoka 2005, iliziacha SPARC zote za biti 32. Linux, ambayo David Miller aliihamishia kwenye SPARC katikati ya miaka ya 1990, ilifuta mwaka 2012 msimbo wa sun4c, ukoo wa SPARCstation 1 na 2. Debian iliondoa tawi lake la sparc mwaka 2015. Toleo la OpenBSD la 5.9, mwaka 2016, ndilo lililokuwa la mwisho kwa mashine hizi. Imebaki NetBSD, ambayo toleo lake la 10.0, la Machi 2024, bado linasakinika kwenye SPARCstation 5 yenye umri wa miaka 30.

OpenBSD na NetBSD ni ndugu waliogombana. NetBSD ilianza mwaka 1993 kutokana na msimbo wa Chuo Kikuu cha Berkeley, na sehemu yake ya SPARC ilijengwa juu ya kazi ya Chris Torek katika maabara ya Lawrence Berkeley. Mmoja wa waanzilishi wanne alikuwa Theo de Raadt, mzaliwa wa Pretoria aliyekulia Kanada, ambaye tawi la sparc lilikuwa miongoni mwa kazi zake. Desemba 1994 wenzake walimtaka aondoke, wakilalamikia namna alivyozungumza na watu. Aliondoka, na Oktoba 1995 akaanzisha OpenBSD huko Calgary. Ugomvi huo umesimuliwa vya kutosha. Kwetu sisi, kilicho muhimu ni kwamba ndugu hao walikuja kushika njia mbili tofauti kabisa za kuzitunza mashine za zamani, na kila njia ina bei yake.

NetBSD ilichagua wepesi. Tangu toleo la 1.6, la mwaka 2002, hati iitwayo build.sh humwezesha mtu kukompaili mfumo mzima wa SPARC, au wa VAX, au wa Amiga, akiwa kwenye PC ya kawaida. Kazi ambayo SPARCstation ingeifanya kwa siku kadhaa inaisha katika muda mfupi. Kwa gharama hiyo ndogo, kuendelea kulitunza tawi la mashine adimu hakumuumizi mtu, na matawi yakaendelea kuishi. Majaribio nayo hufanyika sana ndani ya QEMU, programu inayoweza kuiga SPARCstation 5 hadi OpenBoot yake. Hapo ndipo nina shaka. SPARCstation ya QEMU haina betri iliyokufa, wala capacitor inayovuja, wala kadi ya picha yenye tabia zake. Mfumo unaweza kupita majaribio yote kwenye mashine ya kuigwa na ukakwama kwenye ya chuma, na hakuna atakayejua mpaka mtu mmoja mahali fulani aiwashe ya kwake.

OpenBSD ilishika msimamo mwingine: kila tawi likompailiwe kwenye mashine zake zenyewe. Kama mashine haiwezi kuujenga mfumo wake, basi haistahili kuitwa inayoungwa mkono. Maana yake ni rundo la kompyuta za kila ukoo zinazowaka usiku na mchana. Januari 2014 mradi ulitangaza hadharani kwamba unahitaji takriban dola 20,000 za kulipia umeme wa mashine hizo, zilizokuwa nyumbani kwa de Raadt, la sivyo zingezimwa. Wako waliowacheka: mifumo ya dunia nzima inategemea OpenSSH, iliyotoka mikononi mwa watu hawa, nao wanaombaomba pesa za luku kwa ajili ya vyuma chakavu. Si ingetosha kuvizima na kubaki na PC?

Isingetosha, na sababu ni ya kiufundi. Prosesa ya PC ni mvumilivu mno. Programu ikijaribu kusoma namba ya baiti nne kutoka anwani isiyogawanyika kwa nne, PC itainyamazia na kuendelea. SPARC haikubali, programu inauawa papo hapo, na mwandishi anaona mstari gani umekosea. Vilevile SPARC hupanga baiti za namba kwa kuanza na kubwa, kinyume cha PC, hivyo msimbo wenye mazoea mabaya ya mpangilio, ambao kwenye PC ungetoa jibu sahihi kwa bahati, unatoa upuuzi unaoonekana. Kasoro zinazonaswa hivyo hurekebishwa kwenye msimbo wa wote, pamoja na unaotumika katika mashine mpya.

Kuna na la kumbukumbu. Kwa miaka mingi wadukuzi walipenda kupenyeza maagizo yao mahali programu inapoweka data, kisha kuifanya prosesa iyatekeleze. OpenBSD walikuja na kanuni waliyoiita W^X: ukurasa wa kumbukumbu uandikike au utekelezeke, kamwe visiwe vyote viwili. Toleo la 3.3, Mei 2003, liliitimiza kanuni hiyo kwenye sparc, sparc64, alpha na hppa, zote prosesa za kompyuta za kazi, kwa kuwa ziliweza kuruhusu au kuzuia utekelezaji ukurasa kwa ukurasa. PC ya i386 haikuwa na uwezo huo. Ilisubiri toleo lililofuata, na kwa mbinu ya kuzunguka. Ulinzi ambao leo kila mtumiaji wa simu na laptop anauchukulia kuwa wa kawaida ulikwisha kufanya kazi kwenye mashine ambazo soko lilikuwa limezipa kisogo.

Kwa nini basi OpenBSD ilifuta tawi la sparc mwaka 2016? Hakuna aliyelichukia. Kerneli haitulii, mtu akibadilisha namna diski zinavyosajiliwa, lazima aguse draiva za diski zote, zikiwemo ambazo hajawahi kuziona. Draiva inayokompailika bila kujaribiwa huoza polepole na kimya kimya. Ikifika siku ambayo mwenye mashine na nia hayupo, kuifuta ni uaminifu kuliko kuiacha kwenye orodha ya vinavyoungwa mkono. Nami nakubaliana nao, ingawa napenda NetBSD ilivyokataa. Ukaidi wake una faida zinazoonekana: mwaka 2012 toleo la 6.0 liliongeza ukubwa wa namba ya kuhesabia wakati hadi biti 64 kwenye matawi yote, hata ya biti 32. Saa ya Unix itakapofurika tarehe 19 Januari 2038, SPARCstation 5 yenye NetBSD itaendelea na siku yake wakati vifaa vilivyotengenezwa miaka mingi baada yake vitarudi mwaka 1901.

Huku kwetu ni nadra kukutana na SPARC. Zinazoingia kwa wingi Dar es Salaam na Nairobi kama mtumba ni kompyuta za kazi za prosesa za Xeon: HP Z400 ya mwaka 2009, Z420 ya 2012, Dell Precision za rika hilo. Ni nzito, imara, na RAM yake inaongezeka. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake inazikataa zote. Lakini hata kusema "nitaweka Linux" hakutoshi, kwa sababu Linux nazo zinatofautiana kwa kile zinachokidai kwenye prosesa. RHEL 10, ya mwaka 2025, inataka maagizo ya AVX2 yaliyoletwa na kizazi cha Haswell mwaka 2013, kwa hiyo Z400 na Z420 zinabaki nje na Z440 inaingia. Debian 13, ya mwaka huohuo, inaridhika na prosesa yoyote ya Intel au AMD yenye biti 64 za x86.

Kadi ya picha ndiyo itakayokusumbua zaidi. Quadro nyingi zinazokuja ndani ya mashine hizo, kama Quadro 2000, ni za kizazi cha Fermi, na NVIDIA iliacha kuihudumia draiva yake mwishoni mwa 2022. Inabaki nouveau, iliyoandikwa na watu waliochunguza kadi kwa nje bila nyaraka za mwenye kadi. Kwa maandishi, barua pepe na video za kawaida inatosha. Kwa Blender haitoshi, kwa kuwa kadi itabaki kwenye mwendo wake wa chini. Muuzaji akikubali, njoo dukani na flashi yenye Debian, uibuti bila kusakinisha, uangalie mtandao, sauti na picha kabla ya kutoa pesa. Asipokubali, nenda duka la pili.

Na ukishasakinisha, liko jambo ambalo wengi hulipuuza. Kila kerneli inapowaka huandika orodha ya vifaa ilivyovikuta, draiva iliyovishika, na ambavyo haikuvitambua. Orodha hiyo husomwa kwa amri ya dmesg. OpenBSD huwaomba watumiaji wake waitume kwa mradi kwa barua pepe, na huihifadhi. Mtunzaji anapofikiria kubadilisha au kufuta draiva, hutafuta humo aone kama bado kuna mtu mwenye kifaa hicho, na mara ya mwisho kilionekana lini. Kutuma kunamaliza dakika moja. Ukiweka OpenBSD kwenye Z400, itume baada ya kila toleo jipya, hasa pale ambapo kila kitu kimefanya kazi, maana walioridhika ndio wasioandika.